Injini za dizeli nazo zitunzwe

Mhariri,

Reli haikuwahi kufika kwetu Endebess. Mahindi yetu yalipakiwa Kitale, mwisho wa tawi la Leseru lililofika huko mwaka 1926.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yametunza injini za mvuke, ikiwemo 5918, "Mount Gelai". Nayapongeza kwa dhati. Lakini dizeli za English Electric, zilizoanza kazi Afrika Mashariki mwaka 1960, ndizo zilizoipokonya mvuke kazi, zikavuta mizigo mizito kwa miaka mingi. Zikiuzwa zote kama chuma chakavu, wajukuu wetu wataona nini?

Naliomba Shirika la Reli litenge moja, iwekwe stesheni ya Kitale. Tafadhali ijengewe paa, maana mvua za huku hula chuma.

Mkulima,
Endebess