Mtoto wa mgongo wazi apatiwe choo shuleni





Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi hasikii haja. Hutolewa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa nne hivi, kibofu kisijae kikadhuru figo. Haja kubwa nayo ina saa yake: hukalishwa chooni baada ya kula, kila siku wakati ule ule, hadi tumbo lizoee. Yote hayo yataka maji, sabuni na mlango unaofungwa.

Shuleni kwetu mama humhudumia mwanawe nyuma ya stoo, wenzake wakichungulia. Mtoto ana miaka tisa, aibu anaijua! Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Halmashauri itujengee choo kimoja chenye mlango mpana kabla hajaacha shule.

Mwalimu wa Kijijini,
Kondoa.