Kinachotikisa soko ni hesabu iliyofichwa

Mwishoni mwa Januari 2024 dola ya Marekani ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa takriban shilingi 160, na kila mtu alikuwa akikisia itafika wapi. Miezi miwili baadaye ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Kati ya tarehe hizo Kenya haikugundua mafuta wala chai yake haikupanda bei maradufu. Kilichotokea ni kwamba swali moja lilipata jibu. Deni la Eurobond la dola bilioni 2, lililokopwa mwaka 2014, lilikuwa linaiva Juni 2024, na serikali haikuwa imesema neno moja likasimama kuhusu namna ya kulilipa. Novemba 2023 Rais William Ruto aliliambia Bunge kwamba dola milioni 300 zingelipwa Desemba. Desemba ikaja ikapita, na kilicholipwa ni riba tu. Februari serikali ikaenda sokoni, ikakopa dola bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi asilimia 10, ikaanza kulinunua lile deni la zamani. Kwa mlipa kodi habari hiyo ilikuwa mbaya, kwa maana fedha hizo ni ghali mno. Soko la fedha likapumua.

Tukio hilo linastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu linapingana na maelezo tunayopewa kila mara bei zinapoyumba. Wanasiasa huwalaumu walanguzi. Wachambuzi huilaumu Marekani. Vijana wanaofanya biashara ya forex kwenye simu huambiwa na wauza mafunzo kwamba siri ni kuwahi habari kabla ya wengine. Hoja yangu ni kwamba siasa, teknolojia na takwimu za uchumi hutikisa bei kwa kadiri ya pengo lililopo kati ya hali halisi na yale watu waliyoachiwa kujua. Pengo likiwa dogo, hata habari nzito hupita bila kishindo. Likiwa kubwa, kauli moja ya waziri inatosha kumwaga mabilioni.

Tazama jinsi pengo hilo linavyogeuka kuwa bei. Mwagizaji wa vipuri wa Nairobi anajua kwamba Machi atamlipa muuzaji wake wa Dubai. Kwa kawaida angenunua dola Machi. Akisikia minong'ono kwamba serikali huenda ikakosa fedha za kulipa deni lake, ananunua Desemba, tena ananunua za Machi na za Mei pamoja. Upande wa pili, anayeuza chai au maua nje ana dola kwenye akaunti, na sababu ileile inamfanya azikalie. Wanunuzi wameongezeka, wauzaji wamejificha, na hakuna hata mmoja kati yao aliyevunja sheria au kula njama. Kila mmoja analinda duka lake. Machi 2023 Rais alipowaonya waliohodhi dola kwamba wangepata hasara, dola ilikuwa karibu shilingi 130. Mwaka ulipoisha ilikuwa imepita 156, na waliopata hasara ni wale waliomwamini. Onyo haliwezi kushika nafasi ya hesabu.

Nchi tajiri haziponi pia. Septemba 23, 2022, waziri wa fedha wa Uingereza Kwasi Kwarteng alitangaza kupunguza kodi kwa takriban pauni bilioni 45 bila kueleza pengo hilo lingezibwa vipi. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba aliiweka kando taasisi huru ya nchi hiyo inayokagua makadirio ya bajeti, isitoe tathmini yake siku ile. Jumatatu iliyofuata pauni ilianguka hadi karibu dola 1.03, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia. Ndani ya siku tano Benki Kuu ya Uingereza ililazimika kuahidi kununua hati fungani za hadi pauni bilioni 65 ili kuokoa mifuko ya pensheni. Kwarteng alifukuzwa Oktoba 14, na Waziri Mkuu Liz Truss akatangaza kujiuzulu Oktoba 20. Serikali nyingi zimewahi kupunguza kodi kwa mkopo na soko likanung'unika tu. Hapa liliona watu wanaokataa kuonyesha daftari.

Jirani zetu wa Msumbiji walilipa zaidi. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba serikali ilikuwa imedhamini mikopo ya zaidi ya dola bilioni 1 bila Bunge wala Shirika la Fedha la Kimataifa kuambiwa. Shirika hilo lilisitisha mikopo yake, wahisani wakafunga mifuko, sarafu yake ya metikali ikaporomoka, na Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa deni lake la nje. Aliyeumia ni mama aliyekuwa akinunua mchele uliotoka ng'ambo, ambaye hakuwahi kuziona boti zilizonunuliwa kwa fedha zile.

Kuhusu teknolojia, wengi hudhani imeleta kanuni mpya kabisa. Nionavyo, imeongeza kasi tu. Aprili 23, 2013, wadukuzi waliingia kwenye akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press na kuandika kwamba kumetokea milipuko Ikulu ya Marekani. Kompyuta zinazosoma habari na kuuza hisa zenyewe zilifanya kazi yake, na kipimo cha Dow Jones kikashuka kwa zaidi ya pointi 100 kisha kikarejea kilipokuwa, yote ndani ya dakika chache. Aprili 7, 2025, kichwa cha habari kisicho cha kweli kilichodai Donald Trump anafikiria kusitisha ushuru wake kwa siku 90 kiliruka kutoka skrini hadi skrini. Hisa za New York zikapaa ghafla, Ikulu ikakanusha, zikarudi chini. Siku mbili baadaye Trump mwenyewe akatangaza usitishaji wa siku 90, na kipimo cha S&P 500 kikapanda kwa zaidi ya asilimia 9 kwa siku moja. Uongo ule ulipata wa kuudaka kwa sababu hakuna aliyejua sera ya kweli ni ipi. Wala kijana wa Kariakoo au Eldoret aliyeshika simu hangeweza kuzitangulia mashine hizo. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi katika biashara ya mikataba ya tofauti ya bei, ambayo ndiyo sura ya forex ya mtandaoni, hupoteza fedha. Anayemuuzia kijana huyo kozi ya kufanya biashara kwa kufuata habari anamuuzia mbio alizokwisha kushindwa.

Kasi hiyo haimaanishi kwamba soko huelewa haraka. Kampuni ya Kichina ya DeepSeek iliitoa programu yake ya akili unde ya R1 Januari 20, 2025, na kila mtu aliweza kuisoma. Hisa za kampuni ya chipu ya Nvidia zilianguka Jumatatu ya Januari 27, kwa asilimia 17, na karibu dola bilioni 600 za thamani zikatoweka kwa siku moja. Hakuna jipya lililotokea Jumatatu ile. Kwa miaka miwili wawekezaji walikuwa wamechukulia kwamba akili unde haiwezi kujengwa bila kumwaga fedha kwenye chipu ghali, jambo ambalo nje ya kampuni chache hakuna aliyekuwa na uwezo wa kulipima. Walijaza pengo hilo kwa matumaini, na matumaini yalipopasuka yalipasuka kwa wote pamoja.

Atakayenipinga atasema shilingi ya Kenya haikupona kwa sababu ya uwazi, ilipona kwa sababu ya riba. Ana hoja. Februari hiyohiyo ya 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na hati fungani ya miundombinu iliyolipa zaidi ya asilimia 18 bila kodi iliwavuta hata wageni walioleta dola zao. Lakini riba ilikuwa ikipandishwa tangu mwaka 2022, na Desemba 2023 ilipandishwa kwa pointi mbili nzima, huku shilingi ikiendelea kuteremka. Riba kubwa ilianza kumvutia mgeni pale alipojua nchi haitaanguka Juni. Mwingine atasema bei zetu hupangwa Washington. Ni kweli Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka uliofuata, na upepo huo ulitupiga sote. Hata hivyo mwaka 2023 shilingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya asilimia 20 ya thamani yake na ya Tanzania chini ya asilimia 10. Tanzania nayo iliumia, na waagizaji wa mafuta walilalamika kwamba dola hazipatikani benki, ila haikuwa na deni la namna ile la kulipwa kwa mkupuo mmoja mbele ya macho ya dunia.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi, kwamba serikali ikisema kila kitu italeta taharuki. Jibu lake liko Juni 2024. Vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakauawa kwa risasi, Rais akakataa kuutia saini, na Julai Moody's, shirika linalopima uwezo wa nchi kulipa madeni, likaishusha daraja Kenya. Soko halina huruma na halihesabu maisha, kwa hiyo utulivu wake usichukuliwe kuwa kipimo cha haki. Kwa upande wa bei, hata hivyo, dola ilibaki karibu shilingi 129. Kila mwagizaji alijua deni kubwa limeshalipwa na hakuna jingine kama hilo lililo mlangoni.

Hazina ya Kenya inaelekea kulielewa somo hilo, kwani mwaka 2025 ilikopa tena ili kulinunua mapema deni la Eurobond la mwaka 2027. Lakini mwaka huohuo wa 2025 ilichukua shilingi bilioni 175 kwa kuweka rehani sehemu ya ushuru wa barabara unaotozwa kwenye kila lita ya mafuta, kisha ukazuka ubishi na Shirika la Fedha la Kimataifa kama hilo ni deni au si deni. Mwenye gari ataulipa ushuru huo kwa miaka mingi, kwa hiyo kwake ubishi haupo. Hazina iuandike mkopo huo kwenye daftari la madeni, pamoja na malimbikizo yanayodaiwa na wakandarasi, na iweke tarehe ya kila malipo mbele ya umma. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na waagizaji huanza kununua dola za uchaguzi miezi mingi kabla ya siku ya kupiga kura.