Tasfida Iliyowaponza Walinzi wa Kandanda ya Marekani

Sisi tunaofundisha isimu tuna neno tasfida. Maana yake ni kulivisha jambo zito au la aibu vazi la neno jororo, ili msikilizaji asishtuke wala asichukizwe. Hatusemi mzee fulani amekufa. Twasema ameaga dunia. Huo ni uungwana, nami siupingi. Lakini tasfida inapotoka kinywani mwa mwenye biashara na kuelekezwa kwa mfanyakazi wake aliyeumia, huacha kuwa adabu ikawa pazia. Sijui kisa kinachodhihirisha jambo hili kuliko maisha ya Dave Duerson, aliyekuwa mlinzi wa Chicago Bears katika kandanda ya Kimarekani.

Mchezo huo hauna undugu mkubwa na soka tuipendayo. Wachezaji 11 wa upande wa ulinzi hutakiwa kumbwaga chini yeyote mwenye mpira, na hufanya hivyo kwa vifua, mabega na, aghalabu, vichwa. Duerson alizaliwa Muncie, jimbo la Indiana, mwaka 1960. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, akasajiliwa na Bears mwaka 1983. Nafasi yake ilikuwa safu ya nyuma kabisa, ambako mlinzi huja mbio kutoka mbali na kumkumba mpinzani kwa uzito wake wote. Katika msimu wa 1985 Bears walishindwa mechi moja tu kati ya 16 za kawaida, kisha Januari 1986 wakaicharaza New England Patriots 46-10 katika fainali, yaani Super Bowl. Mwaka huo wa 1986 Duerson alimwangusha mrushaji mpira wa wapinzani mara 7, rekodi ya walinzi wa nyuma iliyodumu hadi 2005. Alitwaa ubingwa wa pili akiwa na New York Giants, na alipostaafu alikuwa amecheza misimu 11.

Sasa tuitazame lugha iliyomlea. Mchezaji aliyegongwa hata asijue yuko upande gani wa uwanja hakuambiwa kuwa ubongo wake umejeruhiwa. Aliambiwa kwamba kengele yake imepigwa, maneno yaliyosemwa kwa kicheko, kisha akarejeshwa mchezoni. Kengele ikipigwa hunyamaza baadaye, na yaliyopita si ndwele! Ndivyo sitiari inavyofanya kazi: humpa mtu picha, na picha humwondolea haja ya kuuliza.

Ligi yenyewe, NFL, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1994 iliunda kamati ya kuchunguza majeraha ya kichwa, na katika jina lenyewe la kamati hiyo jeraha la ubongo likaelezwa kuwa ni hafifu. Yaani kabla ya uchunguzi kuanza, kivumishi kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu. Aliyewekwa kuiongoza, Elliot Pellman, alikuwa tabibu wa maradhi ya viungo na baridi yabisi, si bingwa wa ubongo. Mwaka 2002 daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa Pittsburgh Steelers, akagundua dalili za maradhi yaitwayo CTE, ambayo huuharibu ubongo uliogongwa mara kwa mara. Alipochapisha matokeo yake mwaka 2005, wanakamati hao walidai makala yake yaondolewe. Si hadi 2010 ambapo kamati ilibadilishwa jina, na kile kivumishi kikaachwa.

Na Duerson je? Hapa ndipo kisa kinapokuwa kichungu. Mwaka 2006 aliteuliwa na chama cha wachezaji kuingia katika jopo la watu 6, watatu wa chama na watatu wa ligi, lililoamua ni mchezaji yupi mstaafu alistahili malipo ya ulemavu. Mwaka 2007, mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, alijibu swali kuhusu maradhi ya ubongo kwa kutaja kwamba baba yake mzazi alikuwa na ugonjwa wa kusahau, ilhali hakuwahi kucheza mchezo wowote wa kulipwa. Alikuwa msomi, na simdhanii kuwa mwovu. Alisema kwa lugha aliyolelewa nayo. Lakini mtu huyo aliyekaa kupima maumivu ya wenzake alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uo huo.

Februari 2011, akiwa na umri wa miaka 50, Duerson alijitoa uhai. Aliacha ombi kwamba ubongo wake upelekwe kuchunguzwa, na mwezi wa Mei wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walithibitisha kwamba alikuwa na CTE. Kifo hicho ni msiba, wala simsifu kwacho. Nasema tu kwamba ombi lile halikuwa na tasfida hata chembe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika kisa hiki mfichaji mkuu hakuwa mgonjwa.

Wapo watakaosema wachezaji hawa walijua hatari na walilipwa vizuri. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, lakini mtu huridhia hatari aliyotajiwa kwa jina lake. Aliyeambiwa jeraha ni hafifu ameridhia nini? Wengine husema sayansi ingali changa. Ni kweli kwamba katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambapo CTE ilionekana katika bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa NFL, nyingi zilitolewa na familia zilizokwisha kuona dalili, hivyo haifai kudai kwamba kila mchezaji ataugua. Hata hivyo, Machi 2016 afisa mkuu wa afya na usalama wa ligi yenyewe alikiri mbele ya wabunge kwamba uhusiano upo.

Ligi imekwisha kulipa zaidi ya dola bilioni 1 kwa wastaafu. Lakini hata katika malipo hayo neno laini lilifanya kazi yake. Mastaafu weusi walipimwa akili kwa kigezo tofauti na weupe, kana kwamba walianza maisha na akili pungufu, na hivyo ikawawia vigumu kuthibitisha kwamba wamedhurika. Utaratibu huo uliitwa kusawazisha! Ni baada ya wachezaji wawili weusi wastaafu kwenda mahakamani mwaka 2020 ndipo ligi ilipoahidi, mwaka 2021, kuuacha.

Nasi tusidhani mambo haya ni ya Chicago pekee. Raga na ndondi zimekita mizizi nchini mwetu, na Kiswahili chetu kina neno lake la pembeni mwa uwanja: jikaze. Ni neno zuri kwa aliyechoka, lakini ni neno la hatari kwa kijana aliyeinuka akiyumba na kuona vimulimuli. Huyo hahitaji kujikaza. Anahitaji kuondolewa uwanjani na kupelekwa kwa daktari, na mwalimu wake aseme waziwazi, mbele ya wenzake na wazazi, kwamba huenda ameumia ubongo. Tukiliita jeraha kwa jina lake, kutibu kutafuata. Tukiliita kengele, tutaendelea kungoja inyamaze.