Parachichi changa halina mteja wa pili

Wadau mnaouza parachichi za Njombe mtandaoni, tuambiane ukweli. Parachichi la Hass linakomaa mtini, lakini linaiva baada ya kuchumwa. Likichumwa changa, hata ulifunike vipi, linasinyaa na kuwa kama mpira. Kwenye picha halionekani. Mteja wa Dar analijua akishalikata.

Najua presha ilivyo. Oda imeshalipiwa, gari linasubiri Makambako, nyumbani ada ya mtoto inadaiwa. Ila tunda lililokomaa linaweza kukaa mtini wiki kadhaa bila kuharibika. Anayekukimbiza ni dalali, siyo mti.

Kabla hujavuna, chuma machache. Kata moja: ganda la kokwa likiwa jeupe, bado, likiwa la kahawia, dalili nzuri. Mengine yaweke ndani siku kadhaa. Yakilainika bila kusinyaa, vuna.

Kama bado, mwambie mteja asubiri au mrudishie hela yake. Kupoteza oda moja kunauma, lakini mtu aliyetupa boksi zima hanunui tena parachichi la Njombe, kwako wala kwa jirani yako. Wewe ungefanyaje?