Lubumbashi: meya ni wa Kinshasa ao ni wetu?

Leo tarehe 20 Desemba 2024 unatimia mwaka mmoja tangu tulipopanga mistari mbele ya vyumba vya kura hapa Lubumbashi. Siku ile tulipiga kura nne: ya raisi, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa jimbo na ya washauri wa komini. Raisi alikwisha kuapa. Wabunge wa taifa wanakaa Kinshasa. Wabunge wa jimbo walikwisha kumchagua gavana. Ila kura ya nne, ile iliyo karibu zaidi na mlango wa nyumba zetu, imebaki njiani.

Ndugu msomaji, tukumbushane kwanza sheria inasema nini, kwa maana wengi wanafikiri ni kawaida meya kutoka Kinshasa na karatasi mkononi. Si kawaida. Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 3, inasema mji na komini vinajitawala vyenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza namna gani: wakaaji wanachagua washauri wa komini, washauri wa komini wanachagua washauri wa mji, na washauri wa mji wanamchagua meya. Ni baraza hilo la mji linalopiga kura juu ya bajeti na kumuuliza meya hesabu. Sisi tulipanda ngazi ya kwanza mwaka jana. Ngazi ya pili na ya tatu hatujaziona.

Kwa hiyo Lubumbashi ina komini saba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, Annexe na Lubumbashi yenyewe, na haina baraza la mji hata moja. Mama anayeuza mboga soko ya Kenya analipa kodi kila asubuhi. Mwenye duka analipa, mwenye taksi analipa. Nani aliyechaguliwa na watu hawa anakaa ndani ya jengo la mji na kuuliza franga zilienda wapi? Hakuna.

Tuangalie historia, maana inauma zaidi. Mji huu ulianzishwa 1910 na ukaitwa Elisabethville. Wazungu waliupanga kwa faida ya migodi, na wazee wetu hawakuulizwa kitu. Lakini mwezi wa Desemba 1957, Wabelgiji wenyewe walikubali uchaguzi wa komini katika miji mitatu: Léopoldville, Jadotville ambayo leo ni Likasi, na hapa kwetu. Ulikuwa uchaguzi wenye kasoro nyingi. Wanawake hawakupiga kura. Na juu ya mji mzima alibaki mzungu, burgumestre wa kwanza, aliyewekwa na serkali ya kikoloni. Hata hivyo, burgumestre wa komini, mutu mweusi, alipatikana kwa njia ya baraza lililochaguliwa na watu wake.

Linganisheni na leo. Mwaka wa 1957 mkuu wa mji aliteuliwa na Léopoldville. Leo mkuu wa mji anateuliwa na Kinshasa, mji uleule wenye jina jipya. Na burgumestre, ambaye wakati ule alitokana na kura ya komini, leo naye bado ni wa kuteuliwa. Yaani kwa jambo hili moja mkoloni alitupatia zaidi ya kile inchi huru inatupatia. Naandika maneno haya kwa haya, lakini ni kweli.

Baada ya uhuru majina ya kiti yalibadilika mara nyingi. Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi. Chini ya Mobutu komini zikaitwa zoni, burgumestre akawa komisari wa zoni, meya akawa komisari wa mji. Mwaka 1982 kukatoka sheria ya kugawa madaraka, lakini chama kilikuwa kimoja, MPR, na mkuu wa mji aliendelea kuwekwa na Mobutu. Utawala wa Mobutu ukaanguka 1997, meya akarudi kuitwa meya. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne, Lubumbashi ikabaki kichwa cha Haut-Katanga. Mambo yote hayo yalibadilika, na njia ya kufika kwenye kiti ikabaki ileile.

Katika miaka ya karibuni tumewaona Jean-Oscar Sanguza, Ghislain Robert Lubaba, Martin Kazembe, na mama Joyce Tunda. Mimi siandiki hapa kusema nani alifanya vizuri na nani alifanya vibaya. Kila mkaaji ana maoni yake, na hapo ndipo shida ilipo: maoni yako hayana pa kuingilia. Aliyefanya vizuri hukuweza kumbakiza, aliyefanya vibaya hukuweza kumtoa. Asubuhi moja radio inasoma karatasi, jioni mji una meya mpya. Na meya mpya, anapopewa kiti, anamshukuru kwanza aliyemteua. Ni adabu, simlaumu. Lakini mutu anamwogopa yule anayeweza kumfukuza kazi. Katuba haiwezi kumfukuza.

Kuna wanaosema: acheni hivyo, Lubumbashi ni mji wa makabila mengi, mkichagua meya mtaamsha vita ya wenyeji na wakuja. Wanatoa mfano wa 1957 uleule, kwa sababu burgumestre weusi waliopatikana walikuwa watu wa Kasai na Kivu, na hasira ya wenyeji ikasaidia kuzaa chama cha Conakat mwaka 1958. Ni kweli, na mwandishi asifiche. Lakini nawauliza: mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wa Kasai walipofukuzwa, wakalala kwenye vituo vya gari ya moshi na watoto wao, ni uchaguzi gani wa komini uliwasha moto ule? Hakukuwa uchaguzi. Kuteua wakubwa kutoka juu hakukuzuia chuki. Mutu aliyeteuliwa hana lazima ya kutafuta kura ya jirani yake wa kabila lingine. Anayechaguliwa na baraza la komini saba hawezi kushinda kwa kabila moja peke yake.

Wengine wanasema serkali haina franga za kuendesha uchaguzi huu. Uchaguzi gani? Washauri wa komini wanakaa ndani ya chumba kimoja, wanapiga kura ya washauri wa mji. Kisha hao wanakaa chumba kingine, wanamchagua meya. Hakuhitajiki ndege wala mashini elfu kwa elfu. Iliyo ngumu na ya bei, kura ya watu wote, ilikwisha kufanyika mwaka jana.

Wenzetu wa Goma, Beni na Butembo waliwekewa meya wa polisi kwa hali ya dharura ya Mei 2021. Wao waliambiwa ni sababu ya vita. Hapa Lubumbashi hakuna hali hiyo. Sababu yetu ni ipi?

Kwa hiyo nauliza mambo matatu waziwazi. CENI itangaze tarehe ya kuchagua washauri wa mji, burgumestre na meya, tarehe yenye siku na mwezi, si «hivi karibuni». Serkali itoe franga za kazi hiyo, na washauri wa komini walipwe kama sheria inavyotaka, wasigeuzwe ombaomba. Na ninyi washauri wa komini saba, mlikuja kwenye milango yetu na picha zenu: rudini kwenye kartie zenu, muwaambie watu mmekwama wapi na nani amewazuia.

Na wewe unayesoma, unamjua mshauri wako? Nenda kwake wiki hii. Muulize lini atapiga kura ya mji. Akikosa jibu, muulize tena mbele ya majirani.