Risala ya Watu wa Langoni Kuhusu Njia ya Vilima vya Mchanga



Waheshimiwa wajumbe wa Bunge la Kaunti ya Lamu, wakuu wenye dhamana ya ardhi, maji, utalii na turathi, wazee wetu na masharifu,

Sisi tunaoileta risala hii ni waongoza watalii, wenye punda wa mizigo na wakaazi wa mtaa wa Langoni. Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010 kimetupa haki ya kuwasilisha malalamiko kwa amani, na haki hiyo ndiyo tunayoitumia leo. Jambo letu ni njia ya miguu inayozunguka kisiwa cha Amu, yaani Lamu: inatoka Langoni, inapita Shela, inapanda vilima vya mchanga, inafuata pwani hadi Kipungani, kisha inakata ndani ya kisiwa kupitia Matondoni mpaka kurudi mjini kwa nyuma. Njia hiyo inafungwa kipande kwa kipande, na wenye mamlaka mpo.

Asiyeijua huidhani ni matembezi ya kupunga upepo. Ni kazi ya kutwa. Tunaondoka baada ya sala ya alfajiri, na mtembezi hodari aliyezoea milima ya kwao Ulaya hufika Kipungani akiwa hana maneno. Ufuo wa Shela peke yake una urefu wa kilomita 12 hivi. Vilimani, kila hatua unayopanda mchanga unakurudisha nusu. Upande wa baharini mwinamo ni wa taratibu, ukivuka kilele unateremka ghafla, mchanga ukikufika magotini. Msimu wa kusi upepo unakupiga mchanga usoni. Msimu wa kaskazi jua la adhuhuri linauchoma unyayo hata ndani ya ndara. Kivuli ni cha mikoma iliyotawanyika huku na huku. Wapo waliotuambia kwamba wamepanda milima mirefu yenye theluji na bado vilima vyetu viliwatoa jasho, nasi tunawasadiki, ingawa mtalii naye hujua kusema linalompendeza mwenyeji.

Lakini waheshimiwa, hatukuja kwa ajili ya jasho la wageni. Chini ya vilima vile ndiko yaliko maji ya mji. Kisiwa hakina mto. Mvua ikinyesha Shela, mchanga huinywa mara moja na kuichuja, na maji hayo matamu hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wa maji wana kanuni yao: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 chini yake. Basi geuzeni hesabu hiyo. Ukiyashusha maji ya juu kwa mita 1 kwa kuvuta kupita kiasi, au kwa kusakafia mahali pa kunywea mvua, chumvi inapanda mita 40. Kisima kikishaingia chumvi hakiponi kwa agizo la ofisi. Aliyenunua kiwanja juu ya vilima ameuziwa paa la kisima cha mji mzima, na mitaro ya choo chake itamwagikia humo humo.

Na viwanja vinauzwa. Katika bonde moja kati ya vilima viwili, pale tulipozoea kuwapumzisha wageni, sasa limesimama jiwe la mpaka la saruji, limeandikwa namba kwa rangi nyekundu, katikati kabisa ya mapito. Hatua chache kutoka hapo pana seng'enge iliyofungwa kwenye shina la mkoma, na mkoma wenyewe umekwisha kukatika gome. Tulipouliza katika ofisi moja ya umma ni nani mwenye jiwe lile, tulielekezwa ofisi ya pili, na ya pili ikaturudisha ya kwanza. Mchanga nao unazolewa kwa magunia, unapakiwa kwenye punda na mashua kwenda kujengea. Hapa tuseme kweli: baadhi ya punda hao ni wetu, wa Langoni, na vijana wanaowaswaga ni watoto wetu. Hawana kazi nyingine. Mkiwazuia bila kuwapa njia, watazoa usiku.

Vilima hivi vina kumbukumbu pia. Ni pale Shela ambapo Waamu, mnamo mwaka 1812 hivi, waliwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa waliokuja na majahazi yao. Wazee husimulia mifupa iliyokuwa ikifunuliwa na upepo miaka mingi baadaye. Mji wetu uliingizwa katika Turathi za Dunia za UNESCO mwaka 2001, na kila mgeni anaambiwa hivyo anaposhuka gatini. Mji huo hauwezi kukaliwa bila maji ya Shela.

Kuhusu mapito ya chini, kutoka Langoni kwenda Shela kando ya maji, kero yetu ni kuta. Kila nyumba mpya inasogea mbele kidogo kuliko jirani yake. Maji yakiwa ya bamvua, mama mwenye mtoto mgongoni na mwanafunzi mwenye madaftari wanapita ndani ya maji, au wanalipa mashua kwa safari ya mwendo wa miguu. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Hatujui Katiba nyingine.

Liko pia suala la usalama. Anayezunguka vilele vya Mlima Kenya huandikishwa kwenye geti la hifadhi akiingia na akitoka. Asiporudi, pana wa kumuulizia. Kwetu hakuna daftari wala kibao, na hakuna tenki la maji hata moja kutoka mwisho wa Shela hadi Kipungani. Mgeni akianguka kwa joto upande wa bahari kuu, wakati wa kusi mashua haithubutu kukaribia kwa mawimbi. Tunamchukua begani, au tunamtuma kijana mbio kutafuta punda. Biashara ya utalii iliangushwa na utekaji wa wageni mwaka 2011, ikaangushwa tena na mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014. Tulibaki hapa tukila kidogo. Njia hii ndiyo inayomfikisha mnunuzi kwa wanawake wa Kipungani wanaosuka mikeka na mafundi wa Matondoni wanaounda majahazi, watu ambao hoteli za ufukweni haziwakumbuki.

Kwa hayo yote, tunadai kwamba utoaji wa hati na vibali vya kujenga juu ya vilima vya Shela usimamishwe mara moja, na orodha ya hati zilizokwisha kutolewa ibandikwe hadharani katika uwanja wa Mkunguni, kila mtu aisome. Hati itakayoonekana ilipatikana kinyume cha sheria ifutwe. Aliyenunua kwa nia njema asikilizwe na akamdai aliyemuuzia. Njia nzima ya mzunguko ipimwe, iwekewe alama na iandikishwe kuwa njia ya umma, na mawe na seng'enge zilizomo ziondolewe kwa gharama ya aliyeziweka. Uzoaji wa mchanga ukomeshwe, na vijana wanaoishi kwa kazi hiyo waajiriwe kuwa walinzi wa vilima na watengenezaji wa njia. Shela na Matondoni pawe na daftari la watembezi na machela. Na lolote litakaloamuliwa lisiamuliwe bila sisi. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, katika kaunti yetu, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Amu walikwenda mahakamani wakati ule na njia ya kwenda huko bado wanaijua.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, na kikao cha hadhara Langoni, baada ya sala ya alasiri, siku mtakayoichagua. Kabla ya kikao hicho tunawaalika mtembee nasi mzunguko mzima, kwa miguu yenu. Njooni na viatu vya kufunga na lita tatu za maji kila mmoja.

Ni sisi, waongoza watalii, wenye punda na wakaazi wa Langoni, Amu.