Mwenye Kushika Mlango wa Ziwa

Zamani maji ya Ziwa Victoria yalitoka kwa kipimo cha mwamba wa maporomoko ya Ripon, pale Jinja, Uganda. Mwamba hauna tamaa. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale, lilifunguliwa. Maporomoko yakazama, na kipimo kikawa mikononi mwa watu. Ilikubaliwa maji yatolewe kadiri ile ile ya zamani.

Lakini miaka ya 2004 na 2005, mvua zilipokuwa haba, mitambo ya umeme ilipewa maji kupita kadiri hiyo. Kufikia 2006 ziwa lilikuwa limeshuka sana, gati zimebaki pakavu, na vinamasi vya mafunjo, ambamo samaki huzaliana, vimekauka.

Wako wasemao kwamba umeme ni maendeleo. Ni kweli, nami husoma usiku kwa taa yake. Lakini ziwa ni la Uganda, Kenya na Tanzania, na mkono ushikao mlango ni mmoja. Kwa hiyo yafaa hesabu ya maji yatokayo itangazwe kila siku katika nchi zote tatu. Mali bila daftari hupotea bila habari.